Nimepandisha usukani wa V-Strom 650 hapa Mtwara: usukani ni saa mbili, waya ni siku tatu

mtembezi_kusini

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, nivumilieni, maana nikiufupisha mtu atachukua nusu akafanye halafu akwame porini usiku kama nilivyokwama mimi.

Chombo ni Suzuki V-Strom 650, ile ya mwanzo mwanzo yenye taa mbili mbele. Kila mwezi napanda nayo Dar na kurudi, Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560, na mimi ni mrefu kwahiyo nikifika Nangurukuru ambayo ndo kama nusu ya safari mabega yameshakaza na viganja vimekufa ganzi mpaka kidole kikiwa kwenye klachi sikisikii. Kwenye lami unavumilia. Ila nikienda kwa wazee huko vijijini Newala, kwenye mchanga na makorongo, inabidi nisimame kwenye vikanyagio, na usukani ukiwa chini unasimama umekunja mgongo wote, ukishuka hapo unajinyoosha kama umeshinda shambani unapalilia.

Nikaagiza usukani wa juu. Umezidi wa zamani sentimita 7 kwenda juu na umerudi kwangu kama sentimita 4, unene ni ule ule milimita 22 kwahiyo klampu za zamani zinashika vizuri. Nikapeleka gereji moja, jina nitaliacha. Saa mbili tu kazi imeisha, nimekaa, mgongo umenyooka, mikono imeshuka yenyewe, nikasema hapa sasa nimepata pikipiki.

Pale pale nikageuza usukani kulia mpaka mwisho, injini ikapanda mlio yenyewe. Hilo ndo lilikuwa onyo la kwanza. Waya wa mafuta umevutwa mpaka unafungua bila mimi kugusa. Fundi akalegeza ile nati ya kurekebishia, mlio ukashuka, akasema tayari. Zile nyaya za umeme zilizokuwa fupi akaziunga na vipande vya waya wa nyumba, ule wenye nyaya moja nene ndani, akasokota kwa mkono akazungushia tepu nyeusi. Zile zilizofika kwa kubana akaziacha zimebana. Nami nikalipa nikaondoka, na hapo kosa ni langu maana nilikuwa naona kila kitu.

Wiki ya pili nikapanda Dar. Nikajaza mafuta Lindi, wakati natoka sheli nikakata usukani kushoto mpaka mwisho, injini ikazima. Nikanyoosha nikabonyeza stata ikawaka. Nikadhani mafuta machafu. Nikaendelea. Nimeshapita Somanga, giza limeingia, malori ya saruji yananisukuma nyuma, nikawasha indiketa ya kushoto nisogee pembeni wapite, ikapepesa mara moja ikafa. Na honi ikafa. Na taa ya breki ikafa, maana kwenye hii pikipiki vyote hivyo viko fyuzi moja. Fikirieni wakuu, usiku, lori nyuma yako, na wewe ukishika breki yeye haoni chochote. Nikatembea taratibu ukingoni mwa lami mpaka Ikwiriri nikalala hapo.

Asubuhi nikatoa kava ya mbele. Gundi ya tepu ilishayeyuka kwa joto, tepu imeteleza imekaa kama pete iliyolegea, viungo vyote sita alivifanya sehemu moja vimepangana ubavu kwa ubavu, waya mweusi ulio wazi umelalia waya mweusi wenye mstari mweupe ulio wazi nao. Shoti hiyo. Na kwenye shingo ya usukani, pale unapojikunja kila unapogeuza, nikakuta waya wa swichi ya kuzimia injini kwa nje mzima kabisa, plastiki haina hata mchubuko, lakini nikiuvuta unarefuka kama mpira. Waya wa shaba ukiwa mzima haurefuki wakuu. Ndani shaba ilishakatika, iliyobaki ni ganda tu, ukinyoosha usukani ncha zinagusana injini inawaka, ukikata kona zinaachana inazima.

Niliporudi nyumbani nikafungua kila kitu nikaanza upya mwenyewe, siku tatu. Nilivyofanya ni hivi.

Kwanza nilipima kabla ya kukata. Nilifunga usukani mpya kwa klampu bila kukaza sana, swichi nikazining'iniza, nikachukua kamba ya kiatu nikaipitisha njia ile ile ambayo waya unapita, kutoka kwenye swichi mpaka kwenye soketi ndani ya kava, usukani nikiwa nimeugeuza upande unaovuta zaidi. Nikaweka alama. Nikapima waya wa zamani. Tofauti ikaja sentimita 9, nikakata vipande vya sentimita 12 ili kuwe na ulegevu. Hapo hapo nilikata zile kebo tai za kiwandani zilizobana fungu la waya, nikabadilisha njia kidogo, na upande wa kulia peke yake nikapata sentimita 4 za bure. Watu wengi wangeishia hapo wala wasingehitaji kukata kitu, kwahiyo anza na hilo.

Pili, betri. Toa hasi kwanza. Piga picha kila soketi kwa simu.

Tatu, na hili ndo jambo lenyewe lililonifanya nikaandika, KIUNGO KISIKAE SHINGONI. Nilikata nyaya karibu na soketi, ndani ya kava ambako hakuna kinachojikunja, halafu ule waya wa asili wa Suzuki ndo nikauacha upite kwenye shingo, mzima, bila kiungo. Yule fundi alikata karibu na swichi kwa sababu ndo pepesi kufikia, matokeo yake waya mgumu wa nyumba ukawa ndo unajikunja shingoni mara elfu kwa siku.

Nilikata waya mmoja, nikaunga mmoja, nikaenda mwingine. Ukikata zote kwa pamoja hata kama umepiga picha utakaa hapo mpaka magharibi unalinganisha rangi. Na kila kiungo nilikishusha sentimita 2 au 3 chini ya kilichotangulia, viwe kama ngazi, ili siku kimoja kikivuliwa mpira wake wa juu kisiwe na jirani wa kugusa. Fungu lenyewe pia linabaki jembamba, halivimbi sehemu moja.

Waya nilionunua ni wa gari, nyuzi nyingi nyembamba, milimita za mraba 1. Hapa muwe macho sana maana madukani siku hizi kuna waya unaong'aa kama shaba kumbe ni alminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua kwa kisu, ukiona rangi ya fedha ndani rudisha. Ule ukiuchomea haushiki vizuri na kwa chumvi hii ya pwani yetu unakuwa unga.

Kuunga nilisokota nyuzi zikaingiliana, nikalehemu kwa chuma cha fundi redio, nikavalisha ule mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Mpira unauvalisha KABLA ya kulehemu, usukume mbali ili usipate joto, mimi nilisahau mara mbili nikafumua. Gundi ikitoka kidogo pembeni ujue umefunga, maji hayaingii. Tangi nilikuwa nimelitoa nje kabisa kabla sijawasha moto wowote.

Nyaya za mafuta, hizo hutakiwi kuunga. Ni mbili, moja inafungua moja inarudisha, nilinunua ndefu. Uchezaji wa shikio kitabu kinasema milimita 2 mpaka 4. Klachi kwenye hii 650 ni ya waya, nayo nilibadilisha, uchezaji wake kwenye ncha ya mkono ni milimita 10 mpaka 15. Paipu ya breki nikaweka ndefu ya kusukwa kwa chuma, mafuta ya breki DOT 4 mapya, washa za shaba mpya pande zote mbili za ile bolti yenye tundu, washa ya zamani imeshakandamizwa haizibi tena.

Kitu kingine kidogo ila kinasumbua. Swichi ya Kijapani ndani ina pini inayoingia kwenye tundu la usukani ili isizunguke. Usukani mpya hauna tundu. Yule fundi alikata pini, kila nikisukuma indiketa swichi nzima inazunguka na waya nao unasokoteka. Nikatafuta nusu ya chini ya swichi iliyo mzima, nikakaa kwenye pikipiki, nikaweka swichi panapofikika na dole gumba bila kunyoosha mkono, nikaweka alama, ndo nikatoboa.

Sasa nimeshapanda Dar mara nne tangu hapo. Ulizeni.

fundi_umeme_lindi

Mkuu umeandika vizuri, mimi nafanya umeme wa magari na pikipiki huku Lindi na hii kazi naletewa ikiwa imeshaharibika. Naomba niongezee suala la rangi maana hapo kwenye nyaya zako nyeusi umepita haraka na ndo panaumiza watu.

Vijana wetu wamejifunzia kwenye bodaboda, na bodaboda nyingi za Kichina zimefuata Honda ambako ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi, ni KIJANI. Wengine wamejifunzia kwenye Yamaha ambako ethi ni NYEUSI. Kawasaki ethi ni nyeusi yenye mstari wa njano. Sasa inakuja Suzuki, ethi ni nyeusi yenye mstari MWEUPE, na ile nyeusi tupu ni indiketa ya kushoto, kijani mpauko ni indiketa ya kulia. Fundi akiona nyeusi tupu mkono unaenda wenyewe kuifunga kwenye bodi. Nimepokea pikipiki mwenyewe analalamika kila akikata kushoto fyuzi inaondoka, amebadilisha fyuzi saba, mwisho kijana mmoja akamwekea kipande cha waya badala ya fyuzi. Hapo tena haungui fyuzi, unaungua waya wenyewe chini ya tangi la petroli.

Taa kubwa kwenye Suzuki nyeupe ni dimu, njano ni fulu. Hizo mbili ndo viungo vyake uvifanye kwa uangalifu kuliko vyote. Taa za V-Strom hiyo ni balbu mbili, fulu ni wati 60 kila moja, zikiwaka zote mbili ni kama ampea 10. Kurefusha waya kwa sentimita 12 hakupunguzi mwanga, ni kidogo mno. Kinachopunguza ni kiungo kibaya. Kiungo kikiwa na ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, kwa ampea 10 unapoteza volti 1 na hapo kwenye kiungo kuna joto la wati 10, kwenye kitu kidogo kama punje ya mchele. Plastiki inaiva. Ukiunga, washa fulu dakika tano halafu shika kila kiungo kwa vidole. Kiungo kizuri ni baridi.

Na ushauri wangu mimi ukiwa na muda usikate kabisa. Tafuta soketi dume na jike zinazofanana kutoka kwenye wayaringi ya pikipiki iliyokufa, tengeneza kipande cha katikati, unachomeka huku na huku. Siku ukitaka kurudisha usukani wa zamani unachomoa tu.

mtembezi_kusini

Mkuu hilo la soketi nililiwaza nikakosa soketi za pini nyingi hapa Mtwara, upande wa kushoto peke yake nyaya ni nyingi. Ukiwa nazo niambie, ningependa niwe na kipande hicho cha akiba. Na la kushika viungo kwa vidole sikulifanya, nitalifanya kesho.

njomba_wa_masasi

Mimi napingana na kulehemu kwenye pikipiki. Nimefanya kazi na magari makubwa miaka mingi, wayaringi ya kiwandani ukiifungua hukuti lehemu, unakuta temino zimebanwa kwa koleo. Sababu ni kwamba lehemu ikiyeyuka inapanda ndani ya nyuzi kupita pale ulipochomea, zile nyuzi zinakuwa kitu kimoja kigumu, na pale ugumu unapoishia ulaini unapoanzia ndo waya unakatika kwa mtikisiko. Barabara ya Masasi kwenda Tunduru nzuri lakini injini yenyewe inatikisa.

fundi_umeme_lindi

Njomba hujakosea, ila koleo lenyewe ndo tatizo. Koleo halisi la kubania lina meno yanayokunja temino kwa ndani na haliachii mpaka libane mpaka mwisho. Wengi hapa wanabana kwa plaizi, waya unachomoka ukiuvuta kwa vidole viwili. Bora lehemu nzuri kuliko temino ya plaizi. Na ukilehemu, hakikisha mpira unaosinyaa unapita hata sentimita moja na nusu kila upande zaidi ya lehemu, halafu fungu lote ulifunge kwenye fremu kwa kebo tai ili kiungo kisicheze. Kiungo kisichocheza hakikatiki. Ndo maana mleta uzi kusema kisikae shingoni amesema jambo zito.

njomba_wa_masasi

Hapo tumekubaliana. Kwa plaizi hapana kabisa.

dada_wa_mikindani

Samahanini kaka zangu, mimi shida yangu kinyume. Sio mrefu, natumia Yamaha kubwa ya safari, nikigeuza usukani mpaka mwisho wakati wa kuegesha mkono wa nje haufiki vizuri, naegemea tangi. Sitaki kwenda juu nataka usukani urudi kwangu. Je nami nitakata waya?

mtembezi_kusini

Dada yangu wewe huenda hutakata hata mmoja. Kuna vile vipande vinavyowekwa chini ya klampu, vinapandisha kidogo na kurudisha nyuma, unabaki na usukani wako wa zamani. Kurudi nyuma kwa sentimita 2 au 3 mara nyingi waya na paipu zinafika ukishalegeza zile kebo tai. Ila kitu cha lazima, ukishafunga geuza kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho injini ikiwa inawaka, na uangalie mambo matatu. Mlio usipande. Paipu ya breki isivutike wala isikunjike kwenye kona kali. Na mkono wa klachi uwe na ule uchezaji wake pande zote mbili. Halafu angalia usukani na swichi zisigonge tangi wala kioo cha mbele, maana ukirudisha nyuma vidole vinaweza kubanwa kati ya swichi na tangi, hilo nimeliona kwa macho.

Baada ya hapo zungusha shikio la mafuta mpaka mwisho uliachie, usukani ukiwa kushoto, katikati, kulia. Lirudi lenyewe kwa kishindo kila mara. Likirudi kivivu usitoke nyumbani.

dada_wa_mikindani

Asante sana kaka. Kwahiyo bolti za hivyo vipande nakaza kiasi gani? Sina ile spana ya kupimia.

fundi_umeme_lindi

Dada hapo usikisie, tafuta mtu mwenye spana hiyo akusaidie, namba iko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Bolti ya klampu ikikazwa mno inakatika kichwa au inaua meno ya alminiamu, ikilegea usukani unazunguka ukishika breki kwa nguvu. Na usikaze bolti moja mpaka mwisho halafu nyingine, zipeleke pamoja kidogo kidogo. Klampu nyingi zina alama ya nukta upande mmoja, inaangalia mbele, na hizo kwa kawaida mbele ndo kunakazwa kwanza mpaka kuziba, uwazi unabaki nyuma.

boxer_wa_mnazi_mmoja

Wakuu mimi boda tu, Boxer. Nataka niweke usukani wa juu kwa ajili ya safari za Mingoyo mpaka Lindi na abiria. Kuna jamaa kaniambia nichomelee bomba juu ya huu wa zamani.

njomba_wa_masasi

Mwanangu usichomelee usukani. Chuma cha usukani ni bomba jembamba, ukichoma pale pembeni ya mchomeleo panakuwa pagumu panavunjika ghafla, hapapindi kwanza kukupa taarifa. Ukivunjika mkono mmoja ukiwa mwendo wa 60 na abiria nyuma hakuna cha kushika. Nunua uliotengenezwa hivyo, upo. Na wewe breki ya mbele kama ni ya waya angalia nayo urefu wake, watu wanakumbuka waya wa klachi na mafuta wanasahau wa breki.

boxer_wa_mnazi_mmoja

Nimeelewa mzee. Nimeghairi.

mzee_wa_kilwa

Nina DL1000, kaka yake na hiyo ya mleta uzi. Mimi klachi yangu ni ya mafuta sio ya waya, kwahiyo kwangu paipu ni mbili, ya breki na ya klachi. Nilipandisha sentimita 5 na paipu zile zile zikafika kwa kubana, nikaziacha. Baada ya kama mwezi mkono wa breki ukaanza kuwa laini, unazama mpaka karibu na shikio. Kumbe paipu imevutwa upande mmoja pale kwenye bolti yenye tundu, washa imekaa mshazari, inatoa jasho la mafuta dogo ambalo unaliona tu kama vumbi limeganda. Mafuta hayo yalishatafuna rangi ya kava, nilidhani ni uchafu nikawa nafuta.

Na ukipandisha usukani ule mkono wa breki unainama pembe nyingine, chombo cha mafuta kinalala. Kikilala sana upepo unaingia. Legeza klampu yake ukirudishe kikae sawa kabla hujafungua mfuniko.

mtembezi_kusini

Mzee shikamoo. Hilo la kukiweka sawa chombo nilifanya bila kujua kwanini, sasa nimejua. Wakati wa kutoa upepo mimi ilinichukua karibu saa nzima, paipu mpya iko tupu kabisa, unapampu unapampu mkono hausikii kitu. Kilichonisaidia ni kufunga mkono wa breki kwa ukanda wa mpira ukiwa umebanwa nikauacha usiku kucha, asubuhi nikagonga gonga paipu kuanzia chini kwenda juu, vipovu vikapanda vyenyewe kwenye chombo, halafu nikamalizia kwa kawaida chini kwenye kaliba. Funika tangi na kitambaa chenye maji kabla ya yote.

mzee_wa_kilwa

Marahaba. Ndivyo hivyo. Na DOT 5 msichanganye na DOT 4, watu wanadhani namba ikiwa kubwa ni bora. Ile 5 ni ya silikoni, kitu kingine kabisa. Ile 5.1 ndo jamii moja na 4.

njomba_newala

Wakuu mimi nimefuata uzi huu toka juu, nami nina V-Strom 650 na usukani ninao nyumbani bado sijafunga. Leo nimefanya lile la kamba ya kiatu. Kulia tofauti ni sentimita 6, nimekata kebo tai mbili nimebadilisha njia imebaki sentimita 2. Kushoto ni 8, nimepata 3 za bure, imebaki 5. Kwahiyo kulia naweza nisikate?

mtembezi_kusini

Hizo 2 usizivute. Angalia soketi yako ya kulia imefungwa wapi ndani ya kava, yangu ilikuwa imeshikwa na klipu kwenye kibati, nikiitoa kwenye klipu inasogea mbele. Ukiisogeza hizo 2 zinapatikana na ulegevu unabaki. Ila uifunge tena sehemu mpya, isining'inie, na mdomo wake uangalie chini maji yasikae. Kushoto ukate tu, weka vipande vya 8 upate ziada.

fundi_umeme_lindi

Na kabla hujakata kushoto chukua mita, pima kila waya kutoka kwenye swichi mpaka kwenye soketi huku unakunja kunja fungu pale shingoni. Sauti ya mita ikikatika katika ujue waya ulishaanza kuchoka ndani, hizo V-Strom sasa hivi zina miaka, nyingine zimekunjwa kona tangu 2004. Kama umeshachoka badilisha wote kuanzia swichi, kurefusha waya uliochoka ni kupoteza lehemu.

njomba_newala

Nimepima mkuu. Zote zinalia vizuri isipokuwa mmoja, njano. Nikikunja kulia mita inanyamaza.

fundi_umeme_lindi

Njano ni fulu yako. Umeshawahi kuona taa inapepesa kwenye kona usiku?

njomba_newala

Ndio, nilikuwa nasema balbu. Nilishabadilisha balbu mbili.

fundi_umeme_lindi

Sio balbu. Fungua swichi, huo waya wa njano utoe wote kutoka kwenye lehemu yake ya ndani ya swichi, weka mpya mrefu moja kwa moja mpaka kwenye soketi bila kiungo njiani, nyuzi nyingi, milimita za mraba 1 inatosha. Ndani ya swichi kuna springi ndogo na kagololi, fungulia juu ya kitambaa cheupe usivipoteze.

njomba_newala

Sawa mkuu. Waya nimeshanunua, nimekwangua kwa kisu kama mleta uzi alivyosema, ndani mwekundu mpaka katikati. Jumamosi naingia kazini, nitaleta picha.